Nilidhani nina hasira za kuzaliwa

Mwaka jana mwezi wa nane mwanangu alinambia kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka kinanichoma. Ana miaka tisa. Nilimuuliza mbona kila nikirudi kazini nakukuta umeshalala na wakati dada anasema muda si mrefu ulikuwa unacheza, akanyamaza weee, halafu akasema "mama, mimi nikisikia geti nazima tivii najifanya nimelala." Kwa nini? "Kwa sababu ukirudi unakuwa umekasirika."

Sikumjibu, nilienda bafuni nikalia.

Wacha niwaeleze siku yangu ilivyokuwa maana najua wengi wa Dar tunaishi hivi hivi. Nakaa Gongo la Mboto, kazi iko Posta. Naamka saa kumi alfajiri, saa kumi na moja niko kituoni nagombania daladala. Nikifika mjini naingia kwa mama ntilie, chai ya rangi vijiko vinne vya sukari na chapati mbili. Saa nne usingizi unaanza kunipiga, nashushia soda ya baridi. Mchana wali maharage na mchicha, na chai tena juu yake vijiko vinne, hiyo tabia nimetoka nayo nyumbani, yaani chakula bila chai naona kama sijala. Jioni foleni, nafika saa tatu usiku nimechoka hata kuwasha jiko sitaki, napitia kwa kijana wa chipsi hapo stendi nachukua zege, yaani chipsi mayai, chumvi namwambia aongeze. Nakula nimeshika simu. Halafu nikipanda kitandani ndo najiambia sasa na mimi nipumzike, video hii, video ile, status za watu, nashtuka saa sita na nusu. Saa kumi alamu. Masaa matatu na nusu, jamani, kila siku ya Mungu.

Kilichonipeleka hospitali wala hakikuwa hasira, ni kichwa kuuma kwa nyuma na moyo kwenda mbio nikipanda ngazi za ofisini. Nesi akanipima presha, 148 kwa 94, akasema kipimo kimoja hakitoshi utarudi siku nyingine tena, nikarudi mara mbili na zote zikawa juu ya 140 kwa 90, na hapo ndo wanapohesabu kwamba una presha. Damu nayo 10.6 wakati mwanamke ambaye si mjamzito inatakiwa isishuke chini ya 12. Mimi nilishajiandaa kuambiwa acha nyama, acha mafuta, punguza mwili. Yule nesi, mama wa makamo, akaniuliza kitu kimoja tu, "mwanangu, unalala saa ngapi?" Nilipomjibu akaweka kalamu chini.

Akanielekeza taratibu, na hili ndo ningependa kila mtu alisikie. Mtu mzima anatakiwa alale masaa saba kwenda juu. Usipolala homoni inayokuambia una njaa inapanda na ile ya kukuambia umeshiba inashuka, ndo maana ukikesha siku inayofuata unatamani vitu vya sukari na vya kukaanga, si kwamba wewe ni mlafi. Na presha kwa kawaida inashuka ukiwa usingizini, kwa hiyo asiyelala anaunyima moyo wake muda wa kupumzika. Hasira nazo hivyo hivyo, ubongo uliochoka unaona kila kitu ni ugomvi, mtoto akimwaga maji unaona kakudharau. Nilikuwa nimeshajikubali kwamba mimi ni mtu wa hasira kama marehemu baba, kumbe mwili ulikuwa unaomba kulala.

Kwa hiyo nilianzia kwenye simu kabla hata ya chakula. Simu inachajiwa sebuleni, nikanunua saa ndogo ya mezani yenye alamu. Wiki ya kwanza nilikuwa naamka usiku mkono unatafuta simu chini ya mto, kweli kabisa. Sasa hivi saa nne kasoro nipo kitandani, napata masaa sita siku za kazi na wikiendi zaidi. Saba bado sijafika kwa sababu ya umbali lakini kutoka matatu na nusu mpaka sita nimeuona utofauti mwenyewe ndani ya wiki mbili.

Halafu chai. Hapa ndo nilishangaa maana nilikuwa nakula mchicha na maharage karibu kila siku na damu haipandi. Kumbe majani ya chai yana vitu vinavyokamata madini ya chuma yasiingie mwilini, hasa chuma cha kwenye mboga na maharage. Kwa hiyo unakula mchicha halafu unashushia chai, umejinyang'anya mwenyewe. Nikaambiwa chai isogee mbali na chakula, angalau lisaa, na badala yake wakati wa kula nitumie tunda lenye vitamini C maana hiyo inasaidia chuma kuingia. Na mimi kwetu Muheza! Machungwa yanaozea chini ya miti na mimi mjini nanunua soda. Nilipompigia mama simu, shikamoo mama, marahaba, umekula? (mama yangu salamu yake ya pili ni umekula), nikamweleza, wiki hiyo hiyo akanitumia kiroba cha machungwa kwenye basi. Daktari alinipa na vidonge vya kuongeza damu, nilimeza vyote mpaka vikaisha, sio kwamba nilikula machungwa tu.

Sukari nilikaa chini nikapiga hesabu. Chai mbili vijiko vinane, soda ya mililita 350 ina kama vijiko tisa, jumla kumi na saba kwa siku. Shirika la Afya Duniani linasema kwa mtu mzima sukari ya kuongeza isizidi kama vijiko kumi na mbili, na ukiweza kubaki na sita ndo bora zaidi. Sikuacha ghafla maana najijua. Nilipunguza nusu kijiko kila wiki, ulimi ukazoea, sasa naweka kimoja na nikipewa chai ya watu naona kama asali. Tangawizi na mchaichai vinasaidia sana, chai inakuwa na ladha yake hata sukari ikiwa kidogo.

Chipsi dawa yake ilikuwa Jumapili. Naloweka maharage au kunde usiku wa Jumamosi, yale maji namwaga, nachemsha sufuria kubwa nagawa kwenye vikopo vinaingia kwenye friji. Katikati ya wiki dada anaunga kopo moja na nyanya na kitunguu, nikifika saa tatu chakula kipo, nakula kidogo kwa sababu muda wenyewe umeenda. Ugali tumehamia dona, unashibisha muda mrefu maana ganda na kiini cha hindi vimebaki mule ndani. Ila dona msinunue tu popote. Mahindi yawe makavu, yachaguliwe, lenye ukungu litupwe, sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haiondoki kwa kupika. Na sagisha kidogo kidogo, mimi kilo tano, kwa sababu unga wa dona ukikaa sana unakuwa mchungu. Chumvi ya siku nzima haitakiwi kuzidi kijiko kimoja cha chai, na kumbukeni vile vidonge vya kuungia mchuzi vina chumvi nyingi pia, nilikuwa naweka viwili na chumvi juu.

Mazoezi sina habari ndefu, naomba nisiwadanganye. Nashuka Mnazi Mmoja natembea mpaka Posta, kama dakika ishirini, jioni hivyo hivyo. Kwa siku tano zinavuka zile dakika 150 kwa wiki zinazotakiwa, na nauli haijaongezeka.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyeniandikia ni kibaraza. Jumamosi jioni sasa tunakaa nje na wapangaji wenzangu, tunachambua mboga, tunasukana, tunaongea. Nimekaa nyumba ile miaka minne najua tu sauti za watu ukutani. Jirani yangu mmoja ni mjane, siku niliyomweleza lile neno la mwanangu akanishika mkono akanambia hata yeye aliwahi kuambiwa hivyo na binti yake. Kifua kilifunguka siku ile, jamani. Tukiwa ndani kila mtu na simu yake tunadhani tuko peke yetu kwenye haya mambo.

Baada ya miezi mitatu presha ilikuwa 134 kwa 86, damu 11.9. Bado napimwa kila mwezi na daktari anasema hatujamaliza. Na kama wewe umeshaandikiwa dawa za presha usiziache eti kwa sababu umesoma mimi natembea Mnazi Mmoja, ongea na daktari wako kwanza.

Kilichonishinda mpaka sasa ni Ijumaa. Ijumaa foleni inakuwa mbaya, nafika saa nne, yule kijana wa chipsi ananiita dada karibu, na mara nyingine nakaribia. Wiki iliyopita nilichukua zege moja, bila kuongeza chumvi, nikaenda nayo nyumbani. Mwanangu alikuwa macho, tivii inawaka, akaja kunipokea mfuko, tukaila sahani moja na machungwa ya bibi yake.