Swali la kamba za viatu

Juzi binti yangu kaja na kazi ya shule, wameambiwa wamhoji mtu mzima wa nyumbani, maswali matano. Akanivizia mpaka tuko kwenye gari tunatoka mazoezini, begi lake la hoki ya barafu linanuka huko nyuma kama kawaida, akafungua daftari akaanza. Ulizaliwa wapi, ulikuja Kanada lini, chakula gani ulikuwa unakipenda ukiwa mdogo, hayo nikajibu huku macho yako barabarani. La nne sikulitegemea kabisa. "Mama, kuna swali ulishawahi kumuuliza mtu, halafu ukatamani usingemuuliza?"

Nikamwambia subiri tufike. Tulipofika nikamwambia kula kwanza. Mpaka sasa hivi hiyo nafasi kwenye daftari iko wazi.

Ni yule kijana wa kambi ya Julai, naye hajawahi kunitoka.

Wa Winnipeg hamna haja ya kuelezwa hoki ni nini hapa, mji uliopoteza timu yake mwaka 1996 ukakaa miaka 15 bila timu hadi ilipotoka nyingine Atlanta kuja huku 2011, watu walilia barabarani. Mimi niliingizwa na kaka yake huyu binti, alianza kucheza, nami nikaanza kuamka, na ukishaamka saa kumi na moja alfajiri nje iko nyuzi 30 chini ya sifuri kwa ajili ya mchezo fulani, huo mchezo unakuwa wako pia. Basi kila kiangazi, drafti ikishapita, yaani timu za ligi kuu zikishachagua vijana kwa zamu raundi kwa raundi, timu inawaita vijana wake wapya kwenye kambi ya mazoezi, na sisi mashabiki tunaenda kuwaangalia. Mwaka ule nilienda na mwanangu, rinki, uwanja wa barafu, iko mwisho kabisa wa Portage Avenue kule karibu na Perimeter, barabara inayouzunguka mji, nje jua kali watu wako na kandambili, ndani tumejikunyata na masweta.

Kulikuwa na jamaa anafanya podikasti ya hoki, alikuwa ameruhusiwa kuwahoji vijana watatu baada ya mazoezi, pale pale chini ya viti vyetu. Akapita na vikaratasi na kalamu, akasema leo maswali ni yenu, mimi nitasoma tu. Watu wakaandika kweli. Aliyekaa mbele yangu alinionyesha la kwake: unacheza kama nani kwenye ligi? Mwingine anataka kujua kijana ameongeza kilo ngapi tangu msimu uishe. Mwingine anauliza kijana yuko tayari kuanzia ligi ya chini au anadhani ataingia juu moja kwa moja. Mzee mmoja aliandika kuhusu mabeki wanaotumia mkono wa kulia, hao ni adimu, na akaanza kunifafanulia kwa nini ni adimu mpaka nikachelewa kuandika la kwangu.

Siyo maswali mabaya. Ila madogo hawa walikuwa wameshayajibu. Kabla ya drafti wale wanaotazamiwa sana wanaitwa Buffalo, Marekani, wanapimwa pumzi juu ya baiskeli mpaka wengine wanatapika, halafu wanaingia chumba baada ya chumba wanakaa mbele ya watu wa timu kama washtakiwa, wanaulizwa hata vitu vya ajabu ajabu ili waonekane watatetereka au la. Wengi wana miaka 18. Wakitoka huko kila jibu limeshapigwa pasi kama shati. Ninajituma, naisikiliza benchi la ufundi, nachukua siku moja moja.

Nikawa nafikiria, hii si ndiyo "nzuri" yetu? Kwetu mtu hata kama ana msiba ukimuuliza habari atakujibu nzuri, au salama, kisha anavuta pumzi, ndio inakuja "ila". Ila mama anaumwa. Ila shamba limekauka. Habari yenyewe iko kwenye ila, hiyo nzuri ni mlango tu. Hawa vijana walikuwa wanatupa nzuri, nzuri, nzuri, na mimi nikataka ila.

Nikaandika: Nani alikuwa anakufunga kamba za viatu vya barafu ulipokuwa mdogo, na ulianza kujifunga mwenyewe lini?

Mzazi yeyote wa hoki anajua kwa nini niliuliza hilo. Unapiga magoti kwenye lile zulia la mpira lenye maji, unaukamata mguu wa mtoto katikati ya magoti yako, unavuta kamba tundu kwa tundu mpaka vidole vinakuwa vyekundu, mtoto anasema imelegea, unafungua unaanza upya, anasema sasa imebana. Miaka mingapi unafanya hivyo. Halafu siku moja anauondoa mkono wako, basi, imeisha, na hakuna aliyekutangazia kwamba ile ya jana ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Wa kwanza na wa pili walihojiwa vizuri, watu wakacheka, wakapiga makofi. Wa tatu alikuwa kijana wa raundi za mwisho, mrefu, nywele zimelowa jasho, amevaa fulana ya timu na ndara. Swali la kilo akajibu. La anacheza kama nani akajibu vizuri sana. Kisha jamaa akafunua karatasi, nikaona mwandiko wangu, mwanangu akanipiga kiwiko.

Akasoma.

Yule kijana akatabasamu, kama mtu anayetaka kujibu haraka. Akafungua mdomo. Kisha akaangalia chini, kwenye miguu yake, na mikono yake iliyokuwa juu ya magoti ikaanza kufanya kitu, vidole vya kushoto vikawa vinavuta hewa, vya kulia vinazungusha, taratibu, tundu kwa tundu, sidhani kama alijua anafanya hivyo. Mashine ya kulainisha barafu ilikuwa inapita nyuma ya kioo, ndio sauti pekee iliyosikika. Nilihesabu bila kutaka kuhesabu. Nikafika kumi na kitu.

"Kaka yangu," akasema.

Jamaa akasubiri aendelee. Kijana akameza mate, akasema tena kaka yangu, sauti ikiwa imekatika, akatikisa kichwa. Vidole vikasimama. Aliyekuwa na maikrofoni akafanya uungwana, akamshika bega, akasema asante sana, tunakutakia kheri, na watu wakapiga makofi marefu kuliko ya wale wawili. Mimi sikuweza kupiga. Nilikuwa nimeshika ile kalamu.

Swali la lini alianza kujifunga mwenyewe halikujibiwa, nami sikuhitaji tena kulisikia.

Kwenye gari mwanangu alisema, mama, labda alifurahi kuna mtu ameuliza. Inawezekana. Kuna watu wana jina wanatamani kulitaja na hakuna anayewapa nafasi, hilo nalijua, nimekaa kwenye misiba. Lakini kwenye msiba unakuwa umekuja na sukari na kanga, unakaa chini kwenye mkeka, unajulikana wewe ni nani. Mimi niliomba ila ya mtoto wa watu nikiwa juu kwenye viti, sijulikani, na nikaipata mbele ya umati wa wageni. Kiangazi kilichofuata alirudi kambini, nilimwona akipita nikataka kumwita, ningemwambia nini sasa. Mwaka uliofuata jina lake halikuwepo. Wengi wao huwa hivyo, raundi ni 7 kila mwaka na nafasi za juu ni chache. Nilimwombea, hilo nililiweza.

Swali lenyewe bado naliona ni zuri. Hapo ndipo ninapokwama kila nikilirudia, kwa sababu lingekuwa baya ningeshalijutia nikamaliza.

Kazi ya shule inatakiwa Jumatatu. Kesho tuna mazoezi saa kumi na mbili asubuhi, na huyu bado ananiachia nimfunge viatu. Nitamjibu pale, nikiwa nimepiga magoti, maana pale hatuangaliani usoni.