Kupiga meza kunamlipa

Nimerudi shule kichwa kinagonga lakini acha niandike kabla sijalala. Kuna dogo wa darasa la pili, jina naliacha, yaani tukifika tu kwenye kunakili ubaoni anapiga meza, daftari linaruka, ukimsogelea anang'ata. Stafu rum kila mtu ana lake: kadekezwa na bibi yake, sijui ana mashetani, wengine jicho liko kwenye fimbo tu. Na fimbo huku kwetu Tanzania bado iko kisheria, kanuni zinasema ni mwalimu mkuu au anayempa idhini, viboko visizidi vinne na viandikwe kwenye kitabu, ila nyie mnajua, nani anaandika?

Mi naandika vingine. Dada wa therapi ya tabia anayemuona dogo kila wiki alinambia kila akilipuka niandike nini kilitangulia, kafanya nini, na sisi watu wazima tukafanyaje baada ya hapo. Hilo la tatu ndo tamu. Maana nyimbo katulia, hesabu za mdomo katulia na anajibu kabisa, kunakili meza, kunakili meza, na mbele yake mwandiko wangu mwenyewe na wa wenzangu: katolewa nje, katolewa nje. Nje kuna mwarobaini na kivuli, anakaa anapanga vifuniko vya soda. Sasa we mtoto vidole vinakuuma kwa kushika penseli halafu ukipiga meza unapelekwa kivulini, utaacha?

Dada anasema mtoto akifanya vurugu mara nyingi anatafuta umtazame, au anakwepa kitu, au anataka kitu, au mwili wenyewe unapata raha fulani. Huyu wetu anakwepa. Kwa hiyo tukamfundisha kuomba, kadi ndogo imechorwa mti, akiinyanyua anaenda kupumzika kidogo, akirudi anamalizia mistari miwili. Na siku za mwanzo kila akinyanyua unampa, hata kama anakuudhi, kadi lazima ilipe haraka kuliko meza la sivyo haina maana kwake.

Kule therapi wako wawili tu chumbani, inaenda vizuri. Huku darasa limefurika, na mwenzangu mmoja kamnyang'anya kadi eti "anaitumia vibaya, anaomba sana". Jamani si ndo tulichomfundisha! Mchana huohuo daftari likaruka hadi dirishani.

Halafu kuna nyumbani. Bibi kaja kumchukua, nikamwamkia, nikamuuliza habari za simu, maana dogo analia hadi apewe.
"Mwalimu, namnyima mie. Namnyima, namnyima, akipiga ukelele wa majirani kutoka nje ndo nampa, nina presha mie."
Sikucheka ila nilitaka. Nikamwambia bibi hapo anajifunza kelele ndogo hazitoshi, na ukiamua kunyima kweli ujue kelele zitazidi kwanza ndo zipungue, kwa hiyo kama presha imepanda bora umpe mapema kabla hajaanza kulia. Kanitazama kama nimechanganyikiwa. Tumekubaliana simu ni baada ya kuoga, alie asilie, tuone.

Kadi nimetengeneza mpya na nimezipiga laminesheni, moja naificha mezani kwangu na nyingine naenda kumkabidhi huyo mwenzangu mbele ya mwalimu mkuu, tena asubuhi kabla ya paredi.