Siku moja maishani mwangu: nasoma afya na jamii, darasa langu ni mwaloni

Saa 10 na nusu alfajiri. Kirumba, hapa Mwanza, bado giza. Nakunywa chai ya rangi nimesimama, huku nahesabu mizigo: kinasa sauti, betri za akiba, fomu za ridhaa ndani ya mfuko wa nailoni, kidau cha wino, gambuti. Mama mwenye nyumba wangu ananiuliza kupitia dirishani, kama kila siku, "Leo zamu ya wodi gani, mwanangu?" Nilikuwa muuguzi kwa miaka sita, kwa hiyo simlaumu. Sasa nasoma shahada ya uzamili ya afya na jamii, na hata nyumbani kwetu wako wanaoamini nimeacha kazi nikaenda kukaa darasani. Ndiyo maana naandika Jumanne hii yote, muone.

Niseme kwanza kwa nini nilitoka wodini. Miaka mitatu mfululizo nilipangwa kwenye kingatiba ya kichocho, yaani kugawa dawa za ugonjwa huo wa minyoo kwa watu wote bila kuwapima kwanza. Unamsimamisha mtu kwenye kijiti cha kupimia urefu, kijiti kinakuonyesha idadi ya vidonge, anameza mbele yako, unaweka alama kwenye daftari. Dawa yenyewe, prazikwanteli, ni nzuri, inaua minyoo iliyokomaa. Haiui michanga, wala haimkingi mtu akirudi majini. Mwaka wa tatu nilimpa dawa mama niliyempa mwaka wa kwanza na wa pili, akaniambia, "Tutaonana mwakani, nesi." Maneno yale yalininyima usingizi. Wodi haikuwa na jibu lake.

Saa 12, daladala. Nimesimama hadi uwanja wa ndege, nikapata kiti, nikasinzia.

Saa 1 kasoro nashuka kwenye mwalo mmoja, ufuko wa kushushia samaki, upande wa Ilemela. Siutaji jina kwa sababu niliwaahidi hivyo watu wake kwa maandishi. Ni siku za giza, mwezi haupo, na dagaa huvuliwa gizani kwa kuvutwa na taa. Mitumbwi inaingia mmoja baada ya mwingine, taa bado zimefungwa pembeni. Wanawake wako majini hadi magotini wanapokea ndoo, wanapanda mchangani, wanamwaga, wanarudi. "Mwangaluka, mayu," nawasalimu kwa Kisukuma. "Mwangaluka." Hakuna anayesimama kuongea, na sitarajii asimame. Nakaa pembeni na daftari langu lenye safu mbili: saa, na nani yuko majini anafanya nini.

Saa 2 nakwenda ofisini kugonga muhuri. Utafiti wa afya unaogusa watu una ngazi zake: kibali cha maadili, barua ya mkoa, ya wilaya, ya kata, ya mtaa. Zote ninazo. Ila barua ya mtaa iligongwa muhuri wa mwezi uliopita, na mwenye muhuri yuko kwenye kikao. Nimekaa kwenye benchi hadi saa 4. Alipofika aliisoma barua yote upya, herufi kwa herufi, kisha akaniuliza, "Sasa wewe ni daktari au siyo daktari?" Nikamjibu kwamba ninachunguza kwa nini watu wanaugua tena baada ya kutibiwa. Akasema, "Si elimu tu? Wapewe elimu." Muhuri ukagongwa.

Wapewe elimu. Nimeisikia kauli hiyo kwa madaktari, kwa wanasiasa, nami mwenyewe nimeitamka nikiwa na sare nyeupe.

Nilikuwa nimepanga mahojiano saa 4 na robo. Lakini nilipotoka nilimkuta mzee mmoja, tajiri wa mitumbwi mitatu, ananisubiri kwenye kivuli.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ni wa ngapi?"

Sikumwelewa.

"Nauliza wewe ni wa ngapi kuja hapa. Miaka ile walikuja wenzako na vikopo. Tukawapa choo chetu, wakubwa kwa watoto. Wakaandika majina. Majibu yako wapi?"

"Baba, mimi sikuwepo..."

"Najua hukuwepo. Nauliza majibu."

Watu walianza kusogea. Kijana aliyekuwa anashona nyavu aliacha sindano. Mzee hakupaza sauti, na hilo lilinielemea zaidi. "Mnachukua choo chetu, mnarudi na vyeo vyenu. Na wewe hapo umevaa gambuti. Mke wangu amevaa nini?"

Nilitazama miguu yangu. Nimefundishwa jinsi ya kueleza ridhaa, siri za mhojiwa, haki ya kujitoa. Swali lile halimo kwenye fomu yoyote. Nikakaa kwenye ubavu wa mtumbwi uliopinduliwa, nikamwambia ukweli: vikopo vile sijui viliishia wapi, mimi sichukui choo wala damu, sina pesa ya kumlipa mtu, na shahada itakuwa yangu, kweli. Nikamwambia pia kwamba nitarudi kusoma nilichokikuta kwenye mkutano wa hadhara kabla hakijafika chuoni. Akataka niiandike ahadi hiyo kwenye daftari la mwenyekiti. Tukaenda, nikaandika, nikasaini. Saa nzima na zaidi imekwisha, na mgongo umelowa jasho. Fomu yangu aliirudisha bila kuisaini. Nimeandika "amekataa", na namheshimu kwa hilo. Nikikumbuka Morogoro mwaka 2008, dawa za kichocho zilipogawiwa shuleni na wazazi wakavamia shule kwa hofu kwamba watoto wao wanadhuriwa, naona heri mzee anayeuliza usoni kuliko mtaa unaonyamaza.

Kuanzia hapo sikuangalia saa vizuri. Jua lilikuwa utosini. Mama niliyekuwa na miadi naye alikuwa anageuza dagaa kwa fagio la chelewa, akanambia nihoji huku anafanya kazi. Alichagua dole gumba badala ya sahihi. Alipoliinua, gamba moja la dagaa lilibaki limeganda kwenye wino, linang'aa. Sikulitoa.

Nilimuuliza kama anajua kichocho kinatoka wapi. Akanitazama kwa huruma.

"Konokono. Kinyesi. Maji. Mmetufundisha tangu watoto wangu hawajazaliwa. Choo cha hapa mwaloni ziwa lilikimeza mwaka 2020 maji yalipojaa. Tukachimba kingine, ukichimba kidogo tu maji haya hapa. Usiku niko macho nasubiri mitumbwi. Asubuhi napokea. Nikishaanika ndipo napata nafasi ya kujiosha na kuosha watoto. Nafasi yangu ni hiyo."

"Saa ngapi, mama?"

"Saa hizi."

Hapo uchovu ulinitoka. Kichocho chetu cha huku kando ya ziwa ni cha tumbo. Kile cha mkojo kinasumbua zaidi bara, kwenye malambo na majaruba ya Usukuma. Na mabuu ya hiki cha tumbo, yanayopenya ngozi ya aliye majini, hutoka kwa konokono kwa wingi jua likiwa kali, katikati ya mchana. Dagaa huamuliwa na mwezi, kuanika huamuliwa na jua, na kuoga kunaangukia saa ileile konokono anapomwaga mabuu. Daftari langu lilikuwa linaonyesha hivyo kwa wiki mbili, sikuwa nimeliona. Hakuna elimu inayoweza kumwongezea mama yule saa nyingine.

Nilirudi mjini sijui saa ngapi, vumbi hadi kwenye kope. Jioni kulikuwa na darasa kwa njia ya mtandao. Tuko mtakwimu, mwanasheria, mwalimu wa sosholojia, daktari wa mifugo na mimi. Tulijadili jaribio la Mwanza la miaka ya 1991 hadi 1994, ambapo kuboresha tiba ya magonjwa ya ngono kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40, na lile la Rakai, Uganda, ng'ambo ya ziwa hilihili, ambapo kutibu magonjwa hayo kwa wingi hakukupunguza. Mtakwimu alikwenda kwenye hesabu, mwalimu akauliza watu waliishi vipi na janga lilikuwa limefika hatua gani. Walibishana hadi umeme ukakatika upande wangu. Mmoja wa wasimamizi wangu huniuliza namba ziko wapi, mwingine sauti za watu ziko wapi. Wote wawili wana haki, nami nina siku moja yenye saa 24.

Usiku, mshumaa na kinasa sauti. Saa moja ya mazungumzo hunila saa tano au sita kuandika neno kwa neno. Mama anaeleza kuhusu konokono, na nyuma ya sauti yake nasikia kitu ambacho mchana sikukisikia: maji yanarushwa, mtoto anacheka. Narudisha nyuma, nasikiliza tena. Ni dakika ya 31. Nahesabu kutoka tulipoanza, kisha naandika kwenye safu ya kwanza saa 6 na dakika 40 mchana, na kwenye safu ya pili: mtoto wake, wa kike, anaoga.