Hela ndogo, hela kubwa

Jana asubuhi nimempa mama wa vitumbua msimbazi, noti ya elfu kumi, na nilikuwa nataka vitumbua vya buku tu, elfu moja. Akaniangalia weee, "mwanangu asubuhi yote hii, huna hela ndogo?" Sina mama. Akainyanyua noti juani, akaifikicha kwa kidole, akamtuma mtoto madukani akatafute chenji, mi nikabaki nimesimama kwenye moshi nawaza hiyo hela ndogo.

Maana hela yenyewe ndo ilikuwa ndogo bana! Mjerumani alileta visarafu vya Heller huku mwaka 1904, mia moja ndo unapata rupia moja, kabla ya hapo rupia ilikuwa pesa 64. Na hiyo Heller imetokana na mji wa Hall, kusini kwa Ujerumani, walikokuwa wanafua visarafu hivyo tangu zamani za kale, yaani kamji ka watu huko kanatajwa Tandika kila siku na hakana habari. Wakenya wao hela hawana sana, ni pesa tu, Mjerumani hakuwatawala.

Pesa nayo ni paisa ya Wahindi. Shilingi ya Mwingereza. Ila fedha ndo imenimaliza, imetoka Kiarabu, fidda, madini yale meupe, si unaona mshindi wa pili anavishwa medali ya fedha? Sasa nna karatasi jekundu lina tembo, limekunjika, linanuka mafuta ya taa, na naliita madini.

Jina la karatasi kweli ni moja tu, noti, na lenyewe kwa Waingereza lilikuwa maandishi, mtu anaacha dhahabu yake kwa sonara wa London miaka ya 1600 anaandikiwa kikaratasi kwamba anadai, halafu watu wakaanza kulipana kwa vile vikaratasi. Hata hapa Dar vita ya kwanza ilipombana Mjerumani, meli haziingii, akachapa noti zake za rupia humu humu 1915.

Msimbazi ni wekundu wa Simba, hilo halihitaji kamusi, na mi Yanga linaniuma kila nikilitamka.

Mtoto karudi na buku tisa, moja imebandikwa selotepu katikati. Mama kanipa hiyohiyo ya juu kabisa.