Siku Moja na Bomba Mgongoni

Mtaani watoto wananiita Mama Viluwiluwi. Jina lilianza kama kejeli, sasa hata fundi wangu wa cherehani kanihifadhi hivyo kwenye simu yake. Kazi yangu ni kutia dawa kwenye maji yaliyotuama, hapa Dar es Salaam, pembezoni mwa bonde la Msimbazi. Wengi hudhani napuliza mbu. Mbu anayeruka si kesi yangu. Mimi namuwahi akiwa bado majini.

Saa 11:30 alfajiri. Chai, kiporo cha wali, buti za mpira. Saa 1:00 niko ofisi ya serikali ya mtaa: nasaini daftari, nachukua dawa, tunagawana vipande na mwenzangu. Leo Jumanne ni bondeni hadi barabarani. Jumanne ijayo ni hukohuko, madimbwi yaleyale. Kwa joto la Dar, yai linaweza kuwa mbu mwenye mabawa ndani ya wiki moja na kidogo, na dawa yenyewe jua huimaliza nguvu upesi. Ukiruka wiki moja, umefuga.

Saa 2:00, bustani za mchicha. Katikati ya matuta kuna maji safi yanayopigwa na jua, na hapo ndipo Anofelesi, mbu wa malaria, anapopenda kutaga. Nachota kwa kata nyeupe, nasubiri maji yatulie. Viluwiluwi vya Anofelesi hulala sambamba na uso wa maji, kama vijiti vya kiberiti vinavyoelea. Vya Kuleksi, mbu wa maji machafu, huning'inia kichwa chini, vinapumulia kimrija cha mkiani. Kata ya tatu nikapata vitano, vyote vimelala. Nikatia dawa.

"Mwanangu, haitaniunguzia mchicha hiyo?" Mzee mwenye bustani huniuliza hivyo kila wiki, nami humjibu kila wiki: ni bakteria, mzee, kiluwiluwi akila utumbo wake unaharibika, ila kuku, chura na mla mchicha hawadhuriki. Nadhani anapenda tu nimsimulie.

Saa 3 hadi saa 4 ni mitaro, mashimo ya matofali, na matairi ya gereji (hayo ni ya mbu wa dengi, lakini kumwaga maji hakuna gharama).

Saa 4:40 nikafika geti jeusi.

Nyuma yake kuna msingi wa nyumba uliosimama tangu mwaka juzi. Mvua za masika zimeujaza mpaka juu. Nauona kutoka ngazi za ghorofa la jirani. Wiki ya tatu hii sijafunguliwa. Mlinzi akasema yaleyale: bosi kakataza mtu kuingia. Nikatoa kitambulisho, nikatoa barua ya mtaa. Akapiga simu, haipokelewi. Nikampigia mjumbe, yuko msibani. Nikatua bomba, nikakaa juu ya jiwe juani, kivuli chote kikiwa upande wa ndani wa geti.

Tukapiga soga, maana tungefanyaje? Mlinzi akaniambia mwezi uliopita alimeza mseto, dawa ya malaria, homa ilimlaza siku nne. Analala kwenye kibanda kisicho na chandarua. Siwezi kuapa kwamba mbu aliyemuuma alitoka kwenye ule msingi, ila ni hatua kumi tu.

Saa 6 kasoro gari likaja. Bosi akashusha kioo nusu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nyie ndio mnaokula hela za mbu? Kila siku mnapita, na usiku tunang'atwa vilevile!"

Hapo kagusa donda langu. Mbu wengi wanaotung'ata Dar ni Kuleksi, wa vyoo vya shimo na maji machafu. Wanakera, wanaweza kuleta matende, lakini malaria hawaenezi. Anofelesi ni wachache kati yao. Nikimmaliza huyo, wale wengine bado wanaimba sikioni, na lawama ni yangu. Mama aliyenifundisha kazi alianzia Buguruni mwaka 2006, wakati dawa ilipoanza kutiwa huko, Kurasini na Mikocheni, na anasema maneno haya aliyasikia tangu enzi hizo.

Nikaanza kueleza. Akasema ana haraka. Nikamnyooshea kata.

"Basi mzee, chota mwenyewe."

Sijui nilipata wapi ujasiri, njaa labda. Akashuka na viatu vyake vya ngozi, akakanyaga tope, akachota. Maji yakatulia. Vilikuwa vimejaa, vimelala kama vijiti. Akavitazama kwa muda.

"Hivi ni vyangu?"

"Ni vyako, mzee."

Akauliza dawa ni bei gani. Nikamwambia hii halipi, ila msingi unataka kifusi. Akasema kifusi kitakuja leo leo. Nikaupulizia wote, pembe kwa pembe, mlinzi akinishikia mpira.

Baada ya hapo sikumbuki saa vizuri. Nilikula mihogo na kachumbari nimesimama. Nyumba mbili hawakuwepo watu. Dada mmoja alinipa maji ya baridi, Mungu ambariki. Mabega yalikuwa yanawaka, na buti ya kushoto inavuja tangu Februari. Nilirudisha bomba ofisini, nikajaza fomu, nikauliza posho ya mwezi uliopita. Bado.

Nikiwa naosha miguu uani, giza limeshaingia, simu ikaita. Ni mlinzi.

"Dada, lori la kifusi limekuja!"

Nikafurahi kweli. Nikamuuliza wamekimwaga chote ndani ya msingi?

"Hapana, lori halikupita getini. Wamekimwaga hapa nje, juu ya mtaro. Maji yameanza kujaa barabarani."