Usiku Tulipotazama The Secret Garden

Binti wa kaka yangu alikuja kukaa kwangu baada ya baba yake kufariki. Hakulia msibani wala baadaye, na sisi wakubwa tukawa tunaambiana kwamba mtoto kajaliwa moyo wa subira. Jina la marehemu hatukulitaja mbele yake. Tulisubiri alale kwanza.

Usiku mmoja nikamwekea The Secret Garden, filamu ya mwaka 1993 aliyoiongoza Agnieszka Holland kutokana na riwaya ya Frances Hodgson Burnett iliyotoka mwaka 1911. Niliichagua kwa ajili ya maua na kile kidege chenye kifua chekundu. Lakini hadithi inaanza na msiba. Mary Lennox, mtoto wa miaka 10, amejificha chini ya kitanda huko India huku tetemeko la ardhi likiwaua wazazi wake (kwenye riwaya kilichowaua ni kipindupindu). Na mapema kabisa anatuambia mwenyewe kwamba hajui kulia.

Nikamtazama mwanangu pembeni. Alikuwa ametulia tu.

Mary anapelekwa Uingereza, kwa mjomba wake, katika jumba la Misselthwaite huko Yorkshire. Vyumba ni vingi, giza limetanda, na Bi Medlock, msimamizi wa jumba, aliyeigizwa na Maggie Smith, hataki kumwona akizurura. Usiku inasikika sauti ya mtu analia mahali fulani ndani ya kuta. Hapo nikanyoosha mkono kuchukua rimoti.

"Usizime, Shangazi," akasema. "Kuna mtu analia, na hawataki kumwambia ni nani."

Ninaipenda filamu hii kwa sababu jumba lote lile halina hata mzimu mmoja. Kinachotisha ni walio hai. Bwana Craven, yule mjomba, amefiwa na mke, akaifunga bustani ya marehemu, na mwanawe Colin, yule anayelia usiku, akaachwa kitandani akiaminishwa kwamba atakufa. Madirisha yamezibwa. Watumishi wanaingia chumbani wamefunika pua na midomo. Mary anapoyafungua yale madirisha kwa nguvu, Colin akipiga mayowe, mwanangu alisimama wima katikati ya sebule, ngumi amezikunja, kama anayetaka kwenda kumsaidia. Roger Deakins, aliyepiga picha za filamu hii, alikuwa ametuweka gizani muda mrefu kiasi kwamba mwanga ule uliniumiza macho. Baadaye machipukizi yanapasua udongo na kurefuka mbele ya macho yetu. Alinisihi nirudishe nyuma atazame tena, nikarudisha.

Mwishoni Bwana Craven anarudi na kumkuta mwanawe anatembea. Furaha imejaa bustanini, lakini Mary anakimbia pembeni na kuangua kilio, yeye ambaye hakuwahi kulia.

"Shangazi, mbona analia sasa? Si wote wamefurahi?"

Sikuwahi kujibu. Alijijibu mwenyewe: "Kwa sababu baba aliyerudi ni wa Colin."

Nikazima televisheni, maana yaliyobaki kwenye filamu hayakuwa na haraka tena. Akasema bila kunitazama: "Na mimi nilikuwa nawasikia usiku, wewe na Bibi. Mkisikia naja, mnanyamaza."

Nikamwambia ni kweli, tulikuwa tunamlilia baba yake. Akataka kujua siku ya mwisho hospitalini ilikuwaje. Nilimweleza yote, nikimtaja kaka yangu kwa jina lake, na katikati ya maelezo akaanza kulia, kilio cha kwikwi kinachokata pumzi, nami nikalia naye. Alipopata pumzi akaendelea kuuliza: je, baba aliumia? Nani alikuwa amemshika mkono? Kwa nini yeye hakuitwa? La mwisho hilo nilimjibu kwamba tuliogopa.

Asubuhi alimfuata bibi yake jikoni, akavuta kiti, akaanza kumuuliza yaleyale, moja baada ya jingine.