Vitabu vya nyumba nzima: umnunulie nani nini

Ukiingia duka la vitabu na kusema tu "nataka vitabu vipya vya Kiswahili vya nyumbani", utatoka na kitabu cha kiada na mwongozo wa mtihani. Muuzaji hana kosa. Hivyo ndivyo vinavyoulizwa kila siku, ndivyo vinavyowekwa mbele. Hadithi, riwaya na diwani hukaa nyuma, na huzifikii usipokwenda na majina. Tunataja machache hapa. Lakini kabla ya majina kuna jambo moja linalopoteza pesa za wazazi wengi: kumchagulia mtoto kitabu kwa umri ulioandikwa kwenye jalada.

Walimu wengi wanakijua kipimo cha vidole vitano. Mtoto anasoma ukurasa mmoja kwa sauti, na kila neno linalomkwamisha anakunja kidole. Kimoja au hakuna, kitabu ni chepesi. Viwili au vitatu, kinamfaa. Vitano, bado kizito. Kipimo hiki kwa Kiswahili kinadanganya. Tahajia yetu ni nyoofu, hivyo mtoto aliyekwisha kuzijua silabi atasoma "walipomkaribisha" bila kukwama hata kama hajui nani alimkaribisha nani. Kwa hiyo akimaliza ukurasa, funga kitabu umwombe akusimulie. Akisimulia watu na walilofanya, nunua. Akirudia neno mojamoja lililomkaa sikioni, kitabu hicho msomee wewe, na yeye mpe cha ngazi ya chini.

Kwa wa miaka mitatu hadi sita tafuta sentensi moja kwa ukurasa, maneno matano hadi nane, maandishi makubwa, na picha inayobeba nusu ya habari. Wa umri huu humaliza kitabu kwa dakika tano na kutaka kingine, na mfuko hauhimili. Hapo ndipo African Storybook inapofaa: ni maktaba ya mtandaoni yenye hadithi za bure, nyingi kwa Kiswahili, zilizopangwa kwa ngazi tano kuanzia maneno ya mwanzo hadi hadithi ndefu za kusomewa. Pakua zile zilizopangwa kama kijitabu, chapisha pande zote mbili kwenye karatasi za A4 za gramu 80, kunja katikati, piga pini mbili kwenye mkunjo. Kwenye printa chagua karatasi igeuzwe kwa upande mfupi. Ukiacha upande mrefu, nusu ya kurasa zitatoka kichwa chini. Jalada likichapishwa kwenye karatasi nzito kidogo, gramu 160 hivi, kijitabu kitahimili mikono mingi. Soma hadithi yenyewe kwanza, maana baadhi zimetafsiriwa kwa haraka na Kiswahili chake kinaparuza.

Kati ya vya kununua, Sulwe cha Lupita Nyong'o kinastahili nafasi. Kilitoka kwa Kiingereza mwaka 2019, kisha toleo la Kiswahili likachapishwa Kenya. Ni habari ya binti mwenye ngozi nyeusi kuliko wote nyumbani kwao, na ndani yake mna kisa cha dada wawili, Usiku na Mchana. Kinawafaa wa miaka mitano hadi minane. Picha zake zina giza la makusudi, kwa hiyo kisome penye mwanga mzuri, la sivyo nusu ya uzuri wake hauonekani.

Akishazoea aya ndefu mpe Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, hadithi ya Lewis Carroll iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2015. Hiki hakisomwi kimyakimya. Ucheshi wake uko katika mashairi na majibizano, na mtoto anayesoma peke yake hupita bila kucheka. Sura moja kwa usiku mmoja inatosha. Mwana Mdogo wa Mfalme, kitabu cha Antoine de Saint-Exupéry kilichotolewa kwa Kiswahili na Mkuki na Nyota, kinaonekana cha watoto kwa sababu ya michoro, ila wa miaka saba atachoka rubani akiwa bado jangwani. Kiweke hadi afike kumi. Mtu mzima akikichukua, mwache.

Vijana ndio wagumu, na sababu inajulikana: wameonjeshwa riwaya kama mtihani. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi husomwa kidato cha tano na cha sita Tanzania, na wengi huishia kwenye mwongozo wenye "dhamira" na "wahusika" vimeorodheshwa tayari. Wakati ni riwaya yenye moto: Yasmin anaozwa mume mzee, anamkimbia, anakutana na Denge, na Zanzibar ya siasa za kudai uhuru inawafunga pamoja. Ukitaka kijana aifungue mwenyewe, mwonyeshe kwanza filamu iliyotengenezwa na Amil Shivji mwaka 2021, halafu mwambie kitabuni mna mengi ambayo filamu imeyaacha. Kwa wa miaka 13 hadi 15, Siku Njema ya Ken Walibora bado haijapata mshindani kwa maoni yetu. Ni ya 1996, lakini kwa asiyeisoma ni mpya. Kongowea anaondoka Tanga kumtafuta baba hadi Kitale, na safari yenyewe ndiyo inayomvuta msomaji.

Kwa watu wazima, kitabu kimoja cha kuanzia: Peponi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliiandika kwa Kiingereza mwaka 1994. Alipata Nobeli mwaka 2021, na mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wakaitoa kwa Kiswahili, tafsiri ya Hadjivayanis yuleyule wa Alisi. Yusuf ana miaka 12 anapochukuliwa na tajiri Aziz kwa deni la baba yake, na ni zama Wajerumani wanaishika nchi. Wanaoiacha njiani huiacha mapema, wakingoja vituko. Ina sehemu sita, na msafara wa kwenda bara unaanza sehemu ya tatu; mbili za kwanza zinajenga duka, bustani na woga wa yule kijana. Zipe subira. Anayeijua Sura ya Yusuf katika Kurani atafaidi zaidi: uzuri wa kijana, mke wa bwana wake, kanzu inayochanwa kwa nyuma, vyote vimo, lakini vimegeuzwa. Wanaosoma kwa kikundi wagawe vikao vitatu, sehemu mbilimbili.

Baada ya hapo fuata orodha za tuzo. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell, ndiyo iliyotutolea Mwanangu Rudi Nyumbani, diwani ya Dotto Rangimoto iliyoshinda 2017, na Mungu Hakopeshwa, riwaya ya Zainab Alwi Baharoon iliyoshinda 2018. Diwani usiisome kama gazeti. Mashairi mawili kwa siku, kwa sauti. Ukijikwaa kwenye mshororo, hesabu mizani kabla ya kumlaumu mshairi, mara nyingi ni wewe umemeza silabi.

Wazee wanapenda Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu, tawasifu ya Ali Hassan Mwinyi, rais wa pili wa Tanzania, iliyozinduliwa tarehe 8 Mei 2021, siku aliyotimiza miaka 96. Kiswahili chake ni cha mazungumzo, na mzee aliyeishi miaka ya 1985 hadi 1995 atakukatiza kila ukurasa kukueleza ilivyokuwa kwenye foleni za sukari. Macho yakiwa mazito, asomewe na mjukuu wa sekondari, kurasa kumi kwa kikao.

Sasa kitabu kikiwa mkononi, kabla ya kulipa. Fungua ukurasa wa hakimiliki. "Toleo la pili" maana yake maandishi yamepitiwa. "Chapa ya tano" ni yaleyale yaliyochapwa tena, hata kama jalada linang'aa upya. ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, ya Tanzania huanza 978-9976, 978-9987 au 978-9912, ya Kenya 978-9966 au 978-9914. Ikiwa namba ya ndani hailingani na ya jalada la nyuma, au herufi zina ukungu na vidoa vyeusi, huenda hiyo ni nakala ya wizi. Kifungue katikati: gundi ikilia na kuacha ufa, kurasa zitaanza kudondoka kabla hujafika mwisho. Pitisha macho kwenye namba za kurasa, hasa baada ya 16, 32 na 48, kwa kuwa kitabu hushonwa au kugundishwa kwa mafungu, na fungu zima linaweza kukosekana au kurudiwa mara mbili.

Walio Ulaya na Marekani wanaweza kuviagiza vya Mkuki na Nyota kupitia African Books Collective. Linganisheni gharama ya posta kwanza. Vitabu vitatu katika kifurushi kimoja huwa nafuu kuliko kimoja kimoja.